Kulehemu Bila Kuua Transista

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima wanaojifunza ufundi

Natumaini mmekaa vizuri, na kila mmoja ana karatasi na kalamu mbele yake. Aliye na pasi ya kulehemu aiweke kando, wala asiichomeke katika umeme bado. Leo tutatumia masikio kwanza, mikono baadaye. Na wewe unayesoma mazungumzo haya katika kitabu, soma polepole, aya moja moja, kisha mwulize mwenzako ameelewa nini.

Somo letu ni kulehemu. Kulehemu ni kuunganisha waya na waya, au mguu wa kifaa na ubao wake, kwa madini laini yanayoyeyuka kwa moto. Madini hayo ndiyo lehemu, ingawa mafundi wengi huyaita risasi tu. Najua wengi wenu mmeanza kazi hii kwa kujifurahisha saa za jioni. Mmoja anaunda redio ndogo. Mwingine anatengeneza taa inayojiwasha giza likiingia. Mwingine anataka kengele ya banda la kuku, ili mwizi au kicheche akija aamke. Haya yote ni mambo mema.

Lakini yako malalamiko ambayo husikika katika kila darasa la ufundi. Mwanafunzi husema, “Mwalimu, nimefuata mchoro. Kila waya uko mahali pake. Betri ni mpya. Lakini chombo kimenyamaza.” Leo nataka kuwaeleza kwa nini chombo hunyamaza, na namna ya kukizuia kisinyamaze.

Nianze na kisa kimoja. Katika darasa letu alikuwamo mama mmoja, fundi cherehani. Marehemu baba yake alimwachia redio ya zamani iliyokuwa imekufa. Mama yule hakutaka kuitupa. Alichomoa transista zake zilizokuwa bado nzima, akapata mchoro wa redio ndogo, akaanza kuiunda mwenyewe. Alilehemu kwa uangalifu mwingi. Kila alipounganisha mguu wa transista aliishikilia pasi pale pale na kuhesabu mpaka 20, ili ahakikishe kwamba lehemu imeshika. Alipotia betri, kimya.

Akaniambia, “Mwalimu, kazi hii ni ya vijana waliosoma. Mikono yangu imezoea uzi na sindano.”

Nikaitazama kazi yake. Lehemu ilikuwa inang’aa, safi, haina vidonge wala nyufa. Basi tukachukua mita, tukapima transista moja moja. Mbili zilikuwa zimekufa. Nikamwambia, “Mama, mikono yako haina kosa. Hakuna aliyekuambia kwamba transista haivumilii moto wa muda mrefu.”

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kushika leo ni hili. Chungu kikivunjika utasikia mlio, na vigae utaviona. Transista hufa kimya. Haitoi moshi, haibadiliki rangi, wala haina ufa. Kwa nje iliyo hai na iliyokufa ni sawasawa. Ndiyo sababu mwanafunzi hujilaumu, akadhani kichwa chake ni kizito, kumbe kosa lake ni dogo na linaweza kuepukwa.

Vifaa hivi vina maadui watatu wakati wa kulehemu. Wa kwanza ni moto wa pasi. Wa pili ni umeme unaokaa katika mwili wako mwenyewe. Wa tatu ni umeme unaovuja kutoka katika pasi. Maadui ni watatu, lakini dawa yao inafanana. Mvua ikinyesha, hatuwezi kuizuia isinyeshe. Tunachimba mfereji kando ya nyumba, maji yakapita huko, nyumba ikasalimika. Fundi naye hufanya vivyo hivyo. Humpa adui njia nyingine ya kupita, ili asipite ndani ya kifaa. Andika maneno hayo: mpe adui njia nyingine ya kupita.

ADUI WA KWANZA: MOTO

Tuanze na hesabu. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Lehemu ya kawaida ina sehemu 60 za bati na sehemu 40 za risasi. Nikisema bati hapa nina maana ya madini meupe laini, si mabati ya paa. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwa nyuzi 183, na ikifika karibu nyuzi 190 huwa majimaji kabisa. Iko pia lehemu isiyo na risasi, ambayo imeenea zaidi tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo vingi vya umeme mwaka 2006. Hiyo hutaka nyuzi 217 au zaidi. Ili lehemu iyeyuke upesi, ncha ya pasi huwa na moto wa nyuzi 320 hadi 370.

Sasa itazame transista. Ilivumbuliwa mwezi wa Desemba mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. Redio ya kwanza ya mfukoni ya transista kuuzwa madukani, iliyoitwa Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954, nayo ilikuwa na transista nne. Transista za miaka ile zilikuwa za madini yanayoitwa jerimaniamu. Nyingi katika hizo hazitakiwi kupata moto ndani yake unaopita nyuzi 75 hadi 100. Transista za redio ya baba yake yule mama zilikuwa za namna hiyo. Transista za siku hizi ni za silikoni, na nyingi huweza kufanya kazi mpaka nyuzi 150 ndani yake.

Je, mnaiona hatari? Ncha ya pasi ina nyuzi zaidi ya 300, na miguu ya transista ni ya madini. Moto husafiri katika madini upesi, kama unavyosafiri katika mpini wa kijiko ukikisahau ndani ya sufuria ya uji. Ukikawia, moto hupanda mguuni mpaka ndani.

Ndiyo kusema kipimo chetu ni sekunde. Watengenezaji wengi wa transista za silikoni huandika kwamba miguu inaweza kuvumilia nyuzi 260 kwa sekunde 10. Wewe usifike huko. Kiungo kizuri hukamilika kwa sekunde 2 au 3. Kisipokamilika, ondoa pasi, acha kifaa kipoe, kisha jaribu tena.

Hapa wanaoanza hukosea. Wakiambiwa moto ni hatari, hutumia pasi yenye moto hafifu, au yenye ncha chafu. Lehemu haiyeyuki, nao huendelea kuikandamiza pasi pale kwa nusu dakika nzima. Kifaa kinapikwa polepole. Nawaambia kweli, pasi yenye moto wa kutosha na ncha safi, ikigusa na kuondoka, ina salama kuliko pasi iliyopoa inayokawia. Yule mama, kwa kuwa ni fundi cherehani, alilielewa neno hili mara moja. Alisema, “Ni kama kupiga pasi hariri. Hukandamizi, hukawii. Unapita.”

Basi fanya hivi.

Tumia pasi ndogo, ya wati 25 au 30, yenye ncha nyembamba. Ile kubwa ya kuungia mabati si ya kazi hii.

Safisha ncha kwa sponji au kitambaa cha pamba chenye unyevu, kisha ipake lehemu kidogo mpaka ing’ae. Ncha nyeusi haipitishi moto vizuri.

Usikate miguu ya transista mifupi mno. Acha urefu wa sentimita moja hivi kati ya mwili wa transista na kiungo.

Halafu mpe moto njia nyingine. Chukua kibanio kidogo cha chuma au shaba chenye meno, ubane mguu kati ya mwili wa transista na mahali unapolehemu. Moto ukipanda hukutana na kibanio kwanza, ukaingia humo. Kama huna kibanio, tumia koleo lenye ncha ndefu. Zungushia mpira mikono ya koleo ili lijibane lenyewe, nawe ubaki na mikono miwili ya kufanyia kazi. Ukimaliza usilitoe papo hapo. Hesabu mpaka kumi kwanza.

Kwa chipu yenye miguu mingi, njia bora ni kulehemu soketi yake kwanza. Soketi ikisha kupoa, ndipo unapoichomeka chipu kwa mkono. Chipu haionji moto hata kidogo. Na ikiharibika siku nyingine, utaibadilisha bila pasi.

Kumbuka pia kwamba si transista peke yake inayoogopa moto. Vitaa vya LED vimefunikwa kwa plastiki, na miguu yake huweza kulegea. Baadhi ya kapasita ni za plastiki nyembamba inayolainika hata kabla ya maji kuchemka. Nazo njia za shaba zilizo juu ya ubao zimegandishwa kwa gundi. Zikipata moto mwingi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Kabla sijaacha habari ya moto, neno moja juu ya dawa ya kulehemu. Mafundi wanaotengeneza vibatari na makarai ya bati hutumia dawa kali yenye asidi. Kwa kazi yao ni dawa nzuri. Kwa redio ni sumu, kwa sababu hubaki katika ubao na kuila shaba siku baada ya siku. Nunua lehemu ya waya yenye dawa yake ndani, ile iliyotengenezwa kwa utomvu wa msonobari.

ADUI WA PILI: UMEME WA MWILI WAKO

Sasa fanyeni jaribio. Chukua kitana cha plastiki, uchane nywele kavu, au ukisugue kwa kitambaa cha sufu. Kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona karatasi zinarukia kitana. Umeshuhudia umeme uliotulia. Hautoki katika nguzo wala katika betri. Umetokana na kusuguana kwa vitu.

Mwili wako pia huupata. Unapotembea, unapoinuka katika kiti cha plastiki, unapovua sweta ya nailoni, umeme hukusanyika juu yako. Walio Iringa au Njombe wakati wa baridi kavu wanajua: ukivua sweta usiku gizani husikia mlio kama wa chumvi motoni, na pengine huona cheche. Pwani mambo haya ni machache, kwa sababu hewa ina unyevu, nao unyevu huuondoa umeme kidogo kidogo. Lakini hata Dar es Salaam au Mombasa, chumba chenye mashine ya baridi kina hewa kavu.

Hesabu yake ni hii. Mtu huanza kuhisi cheche kidoleni umeme huo ukifika volti 3,000 hivi. Lakini ziko transista na chipu, hasa za aina inayoitwa MOS, zinazoweza kuharibika kwa volti 100 au pungufu. Basi toa 100 katika 3,000. Zinabaki volti 2,900. Katika nafasi yote hiyo unaweza kuua chipu bila kuhisi kitu chochote.

Pengine utauliza, mbona volti 3,000 haziniui mimi? Ni kwa sababu umeme wenyewe ni kidogo sana. Tone la maji likianguka kutoka juu ya mnazi halikuumizi, lakini likiangukia njiti ya kiberiti inayowaka huizima. Chipu ni kama njiti ile. Ndani yake mna utando wa silikoni iliyochanganyika na oksijeni, kitu kilicho jamii moja na kioo, nao ni mwembamba kuliko unywele mara mamia. Cheche ndogo huutoboa utando huo.

Jambo baya zaidi ni kwamba pengine utando hautoboki kabisa, bali hupata jeraha. Chombo kinafanya kazi leo, unawaita jirani wakione, na baada ya mwezi kinanyamaza bila sababu unayoijua.

Dawa yake ni hii.

Acha chipu ndani ya mfuko wake maalumu, au katika sponji yake nyeusi, mpaka saa unapoihitaji. Usiihamishie katika mfuko wa plastiki wa kawaida. Ukikosa chombo chake, ichomeke miguu katika karatasi ya alumini iliyokunjwa. Lakini ubao wenye betri usiufunge kwa alumini hata siku moja, maana betri itapata njia ya mkato na kushika moto.

Kabla ya kuigusa chipu, gusa kwanza kitu cha chuma kisicho na rangi kilichoungana na ardhi, kama bomba la chuma linaloingia udongoni. Angalia vizuri, maana mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na hayo hayafai. Rudia kila unapoinuka na kukaa tena.

Fanya kazi juu ya meza ya mbao, usitandike nailoni juu yake. Vaa nguo za pamba. Kanga au shati la pamba ni salama kuliko sweta ya nailoni.

Shika chipu kwa ncha zake mbili, usishike miguu. Na unapotaka kuitia katika ubao, weka kwanza mkono wako mwingine juu ya waya wa ardhi wa ubao ule, yaani ule unaokwenda kwenye hasi ya betri. Hapo wewe na ubao mnakuwa sawa, wala hakuna umeme wa kuruka kutoka kwako.

Ukimpa mwenzako chipu, mpeane mkono kwanza, ndipo umpe. Msicheke. Mkishikana mikono, umeme ulio juu yenu unasawazika kati yenu wawili, wala haupiti katika chipu. Salamu ni desturi yetu njema, na hapa ni kinga pia.

Wenye uwezo wanunue mshipi wa mkononi wa kuondolea umeme, ulio na waya unaoungana na ardhi. Lakini sikilizeni vizuri, maana neno hili ni la uhai. Ndani ya mshipi wa kweli mna kizuizi cha omu milioni moja. Kazi yake ni kukulinda wewe. Ukigusa umeme wa nyumba wa volti 230 kwa bahati mbaya, kizuizi hicho hakiruhusu hata robo ya sehemu moja ya elfu ya ampea kupita njia ya ule mshipi. Usijifunge mkono kwa waya mtupu ulioungana na ardhi. Waya mtupu utailinda chipu na kukuua wewe. Na usichokore tundu la soketi ya ukutani kutafuta waya wa ardhi.

ADUI WA TATU: PASI INAYOVUJA

Adui huyu wengi hawamjui. Pasi ya umeme ina waya wa moto ndani, na kati ya waya huo na ncha mna kizuizi. Kwa pasi nzuri kizuizi hicho ni imara. Hata hivyo, ncha isipoungana na ardhi, umeme kidogo sana hupenya. Ukiipima ncha ya pasi ya pini mbili kwa mita nyepesi, huweza kuonyesha karibu nusu ya volti za nyumba, yaani 115 hivi. Mkono wako pengine hautahisi, lakini chipu tuliyoitaja, inayokufa kwa volti 100, itahisi.

Dawa ni kuupa umeme huo njia nyingine, nayo ni waya wa ardhi. Tumia pasi yenye plagi ya pini tatu. Ile pini ya juu, ndefu, ndiyo ya ardhi. Ninajua desturi ya watu wengi: wakiwa na plagi ya pini mbili hutia kijiti au kalamu katika tundu la juu ili soketi ikubali. Ukifanya hivyo unakuwa umeifunga njia ya ardhi kwa mkono wako, na chombo hakina kinga tena.

Pima pasi yako hivi. Ichomoe katika umeme, iache ipoe. Weka mita kwenye kipimo cha omu. Ncha moja ya mita iguse pini ya ardhi, ya pili iguse ncha ya pasi. Mita ionyeshe kwamba njia iko wazi, omu chache tu. Kisha jaribu ncha ya pasi na kila moja ya zile pini mbili nyingine. Hapo mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha njia, pasi hiyo imevunjika ndani. Usiitumie tena, maana ni hatari kwako, si kwa chipu tu.

Kama pasi yako ni ya pini mbili na huna nyingine, iko hila ya mafundi wa zamani. Ipashe moto, ichomoe katika soketi, kisha lehemu mguu mmoja. Moto hubaki katika ncha kwa muda wa kutosha. Ichomeke tena, ipashe, uichomoe, lehemu mguu wa pili. Ni kazi ya polepole, lakini umeme hauwezi kuvuja katika pasi iliyochomolewa.

Na kabla ya kulehemu chombo chochote, toa betri yake. Usilehemu chombo chenye umeme ndani. Tena kazi tunayozungumza leo ni ya vyombo vya betri tu. Usifungue runinga wala chombo kingine cha umeme wa ukutani, maana ndani yake zimo kapasita zinazoweza kuweka umeme wa kuua mtu hata baada ya kuchomolewa.

UTARATIBU WA KAZI

Sasa andikeni utaratibu huu, mbandike ukutani juu ya meza yenu.

1. Toa betri. Pima pasi. Safisha ncha.
2. Lehemu kwanza waya, vizuizi na soketi. Hivi ni vigumu, havidhuriki upesi.
3. Lehemu kapasita na vitaa, kwa haraka.
4. Lehemu transista mwisho, kwa kibanio. Ukimaliza mguu mmoja, acha upoe kabla ya kuanza wa pili.
5. Kagua kila kiungo. Hakikisha lehemu haikuunganisha njia mbili zisizotakiwa kuungana.
6. Gusa chuma cha ardhi, ndipo uitoe chipu katika mfuko wake na kuichomeka katika soketi.
7. Tia betri mwisho kabisa.

Nawe mwenyewe ujilinde. Risasi iliyo katika lehemu ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kwa moto wa pasi haigeuki mvuke, ila hushika vidoleni na kuingia kinywani. Usile wala kuvuta sigara kazini. Nawa mikono kwa sabuni, futa meza, na mabaki usiyaache sakafuni anapotambaa mtoto. Fungua dirisha, maana moshi wa utomvu huleta pumu.

Sasa turudi kwa yule mama. Transista mbili zilizokufa hazikufufuka. Tulipata nyingine katika redio mbovu ya fundi wa sokoni. Safari hii alibana kila mguu kwa kibanio chake cha nywele cha chuma, akagusa kwa pasi, akahesabu mpaka tatu, akaondoa. Alipotia betri, ilitoka sauti ya mtu akisoma taarifa ya habari, hafifu, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Hakusema neno. Aliizima, akaiwasha tena, akasikiliza. Kisha akasema, “Kumbe sikuwa mjinga, mwalimu. Nilikuwa nakawia tu.”

Ndugu zangu, chombo chako kikinyamaza, usianze kwa kujidharau. Jiulize maswali matatu. Je, moto ulipata njia nyingine? Je, umeme wa mwili wangu ulipata njia nyingine? Je, umeme wa pasi ulipata njia nyingine? Jibu likiwa hapana, umelipata kosa lako, na kosa likijulikana hurekebishwa.

Kwa leo naishia hapa. Kazi njema, na kwaherini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini transista iliyokufa haiwezi kutambulikana kwa kuitazama?
2. Lehemu yenye risasi huanza kuyeyuka kwa nyuzi ngapi? Kiungo kizuri hukamilika kwa sekunde ngapi?
3. Eleza kwa nini pasi iliyopoa inaweza kuwa na hatari kuliko pasi yenye moto wa kutosha.
4. Unaweza kuua chipu bila kuhisi cheche. Eleza kwa hesabu.
5. Kwa nini hatujifungi mkono kwa waya mtupu ulioungana na ardhi?
6. Nani katika darasa hili anatia kijiti katika soketi nyumbani kwake? Azungumze na wenzake atafanya nini badala yake.